Anayekuja ni Nani? Miaka Yangu kwenye Piano ya Mitihani

Chuo kiliniaga kwa keki, maua, na hotuba ya mkurugenzi aliyenishukuru kwa miaka yangu yote ya kupiga violini. Sikumsahihisha. Mtu aliyekaa nyuma ya mgongo wangu mtihani baada ya mtihani hawezi kulaumiwa kwa kutojua nilikuwa nimeshika nini. Nilifunga keki iliyobaki, nikapanda tramu kurudi kwangu Ganshoren, hapa Brussels, na wiki iliyofuata nikaanza kuandika haya.

Nawaandikia ninyi vijana wetu mnaopiga kinanda makanisani siku ya Jumapili, ambao sasa mmeanza kuitwa kusindikiza watahiniwa wa kuingia chuo cha maigizo ya muziki. Kwa Kifaransa niliacha ofisini kurasa mbili za adabu. Haya ya Kiswahili ni ya kwenu. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa kilikuwa kimoja tu tangu siku ya kwanza hadi siku ya keki, na mshahara nao tuuache upumzike. Nitasema habari za nyimbo. Kazi yangu, ukiondoa piano yenyewe, ilikuwa kumsaidia kijana wa miaka kumi na minane kuchagua kitu cha kuimba kwa dakika moja na nusu mbele ya walimu watano waliokwisha kusikia kila kitu.

Nilijifunza kupiga Lubumbashi, kwenye harmonium ya parokia, chombo ambacho lazima ukikanyage kwa miguu yote miwili ndipo kitoe pumzi. Mtu aliyeanzia pale hachoki upesi. Brussels nilikuja kusoma uhasibu, nikausoma, nikafaulu, na siku ya kupokea cheti nikajua kwa hakika kwamba sikutaka kuufanya. Jumapili nilikuwa napiga kinanda katika kanisa letu, ukumbi uliokuwa nyuma ya gereji huko Koekelberg, ambako mahubiri yalishindana na mashine ya kujazia upepo. Siku moja mpiga piano wa chuo, Mbelgiji mwembamba aitwaye Monsieur Armand, alileta gari lake pale gereji akiwa na mkono uliofungwa bendeji. Alikuwa ameumia kifundo na mitihani ilikuwa imekaribia. Fundi akamwambia kwamba nyuma ya ukuta kuna mwanamke wa Kikongo ambaye hapotezi mpigo hata mashine ikinguruma. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wenzangu wengine wana hadithi za mashindano na medali.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ya aina yake. Mnajua desturi yetu: kiitikio kikirudiwa mara ya pili bila kupandisha sauti hatua moja, waumini wanadhani mpiga kinanda ana msiba nyumbani. Mtahiniwa wangu wa kwanza alikuwa msichana mrefu mwenye wimbo wa huzuni. Alipofika kwenye kiitikio cha pili, mikono yangu ilipandisha yenyewe, kama ilivyozoea. Msichana akanitupia jicho la mtu anayeporwa mkoba, kisha akapanda nami, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Aliimba nota ambazo naamini hakuwahi kuziimba kabla wala baada. Walimu walitikisa vichwa kwa furaha, wakidhani ilipangwa, na binti akapita. Monsieur Armand alinisubiri mpaka chumba kikawa kitupu.

"Madame Béatrice," aliniambia, "leo ulikuwa unamsindikiza nani, yule msichana au Roho Mtakatifu?"

"Wote wawili, Monsieur."

"Chuo kimemwita mmoja tu."

Kifundo chake kilipona, lakini aliniacha nibaki. Alinifundisha mambo ambayo hakuna shule inayoyafundisha, labda kwa sababu ni madogo mno. Weka vibanio vya nguo juu ya piano, vile vya mbao, kwa sababu dirisha la chumba cha mitihani halifungi vizuri na upepo unapenda kufunua ukurasa kabla yako. Mwombe mtahiniwa akuoneshe kasi anayoitaka kwa kuimba, asikugongee vidole, maana mtu mwenye woga hugonga haraka kuliko anavyoimba. Ukipewa nakala ya nota iliyokatwa chini, mstari wa mkono wa kushoto umekatwa pia, na itabidi uutunge. Na mtahiniwa akisimama katikati kwa kusahau, usisimame. Zunguka palepale kwa upole, ukirudia nota zile zile, mpaka arudi. Hili la mwisho alishangaa kuona ninalijua tayari. Nilimwambia nimewahi kumzunguka mhubiri mmoja kwa muda mrefu sana.

Kuhusu kuchagua nyimbo, Monsieur Armand alikuwa na swali moja tu, na nimelitumia hadi mwisho: katika wimbo huu kuna nani, na anataka nini? Wakati wa wiki za maandalizi, kila mtahiniwa huja kwa mpiga piano na nyimbo zake mkononi. Wengi walikuja na sauti, hawakuja na mtu. Walichagua wimbo kwa sababu ya nota moja ya juu karibu na mwisho, na muda wote uliotangulia waliutumia kuisubiri, na sisi tukaisubiri pamoja nao. Nilikuwa nawashusha. Nota unayoipata bafuni si yako bado, nilikuwa nikiwaambia, ni ya bafu. Wengine walipenda vilio. Nilipata binti wa miaka kumi na saba, mashavu kama maandazi, aliyetaka kuimba habari za mwanamke mzee aliyezika watoto wote. Nikamuuliza yeye mwenyewe amepoteza nini maishani. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema: "Kadi ya tramu." Tulimtafutia wimbo wa mtu aliyekasirishwa na majirani, na huo aliuimba kwa moyo wake wote.

Haya yote ni ya kawaida na mtayazoea. Lakini kuna mtahiniwa mmoja nataka niwasimulie sawasawa, kwa sababu mtakutana na wa aina yake, na kwa sababu nilimpenda.

Jina lake lilikuwa Naomie. Mama yake, Maman Espérance, alitoka Bukavu, akapita njia ndefu ya wakimbizi ambayo hakuizungumzia, na alipofika hapa alipata kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba yao huko Koekelberg. Alimlea binti peke yake. Naomie alikuwa akiuza kahawa karibu na uwanja wa Flagey, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa lao. Sauti alikuwa nayo, ya katikati, yenye joto, isiyojionesha. Alitaka chuo kama mtu anavyotaka maji. Na chuo, mkumbuke, humruhusu mtu majaribio mawili tu maishani.

Jaribio la kwanza alilipoteza kwa neno moja. Alikuja na wimbo wa kusifu wa kanisani kwao, akaanza vizuri, na kabla ya dakika kwisha mwenyekiti wa jopo akasema kwa upole: "Merci." Ninyi mnajua, na mimi nilijua, na kila mwanafunzi wa Ubelgiji anajua, kwamba merci, asante yao, katika chumba cha mtihani maana yake ni inatosha, nenda. Lakini Naomie alikulia katika kanisa ambalo watu wakiguswa hupaza sauti, "Merci! Merci Yesu!" na kiongozi anayekatiza wimbo hapo anahesabiwa kuwa na moyo mgumu. Akainamisha kichwa, akajibu, "De rien," yaani si kitu, akaanza ubeti wa pili. Mwenyekiti akarudia, sasa kwa sauti zaidi: "Merci, mademoiselle." Naomie akafumba macho na kuinua mkono. Nami sheria yangu inasema mpiga piano hasimami kabla ya mwimbaji. Basi tukaenda. Kwenye merci ya tatu, iliyosemwa na watu wawili kwa pamoja, binti yule alikuwa anatokwa machozi ya shukrani, na nadhani ni yeye peke yake mle ndani aliyedhani mtihani unakwenda vizuri.

Nilipomweleza nje, alikaa chini kwenye ngazi. Hakulia. Alisema tu, "Maman Béa, banaona mimi ni muntu ya kijinga?" Nikamwambia hapana, wanaona wewe ni mtu wa nyimbo ndefu. Akacheka kidogo, na hapo nikajua atarudi.

Alirudi mwaka uliofuata, wiki ya kwanza ya maandalizi, na safari hii alikuja na mama. Maman Espérance alikuwa mfupi, mwenye miwani, ameshika mkoba kwa mikono miwili, na alikuwa na sharti. Binti yake hataimba nyimbo za dunia. Kama ni kuimba mbele ya watu, aimbe kitu ambacho Mungu akisikia hatageuza uso. Ikiwa ni wimbo wa dunia, Jumapili asipande tena kwenye kwaya. Nikatazama kabati langu. Maigizo ya muziki, kama mnavyojua, yametengenezwa na wapenzi, wezi, walevi, na wajane waliochangamka mapema mno. Nikavuta kiti, nikaanza kuchambua.

"Uyu mwanamuke analilia nani?" Maman Espérance aliniuliza nilipopiga wa kwanza.

"Bwana wake, maman."

"Balisha kuoana?"

"Bado. Ni fiancé."

"Alors, banaoana mwisho?"

"Hapana. Anakufa ku vita."

"Anakufa bila kuoa, na mutoto yangu njo ataenda kumulilia mbele ya bazungu? Non. Ingine."

Wa pili ulikuwa wa mwizi, tena mwizi mwenye roho nzuri. Akauliza kama anatubu. Nikasema anatubu, lakini katika sehemu ya pili ya mchezo. "Bon, aimbe ya pili," akasema. Nikamweleza kwamba katika sehemu ya pili anayeimba ni askari. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeupanga ulimwengu hivyo. Naomie alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika.

Tulikwenda hivyo mpaka tukafika kwenye wimbo wa mwanamke anayeuza kofia. Hana mchumba, hana kinyongo, anasifu kofia zake tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ni wa kuchekesha, na ulikaa vizuri katika sauti ya Naomie. Maman Espérance alisikiliza mpaka ukaisha. "Kazi haina zambi," akasema. Ukapita. Kwamba kofia zenyewe ni za wizi hujulikana katika sehemu ya pili, na nimekwisha kuwaeleza jinsi alivyokuwa na mtazamo mkali kuhusu sehemu za pili.

Ulibaki wimbo mmoja. Chuo kilikuwa kimeongeza sharti jipya, kwamba kila mtahiniwa aimbe pia kitu cha lugha ya nyumbani kwake, bila kupamba, kisha aeleze kwa Kifaransa kinahusu nini. Walimu walikuwa wanajivunia sana sharti hili. Watoto wengi wa Brussels waliuliza kama Kifaransa kinahesabika. Naomie alileta nyimbo za kwaya kadhaa, na zote zilikuwa nzuri, na katika zote hakukuwa na mtu. Kulikuwa na umati. Umati haupiti mtihani. Nikawa nimeanza kukata tamaa. Walipoinuka kuondoka, Naomie aliinama kufunga viatu, na huku akifunga akawa anaimba kwa chini, kama mtu asiyejisikia:

"Anakuya, anakuya,
biatu yake vumbi tupu,
analeta samaki, analeta radio,
mulango musifunge, anakuya."

Nikamwambia arudie. Akashtuka, akarudia. Ule wimbo ulikuwa mfupi, ulianzia pale pale sauti yake ya kuzungumza ilipo, ulikuwa na mwisho wake wenyewe, na zaidi ya yote ulikuwa na mtu ndani yake, na mwingine mlangoni anayemtaka. Nimewaambia watahiniwa wengi kwamba wimbo wao si ule wanaouimba mbele ya kioo, na hapo nilikuwa na ushahidi umeinama mbele yangu. Nikauliza umetoka wapi.

"Ni kantiki," Maman Espérance akasema haraka. "Mama yangu njo aliimbaka, kule Bukavu. Tunaimbaka ata kwa kanisa. Ni Yesu anakuya."

Mimi ni mtoto wa parokia. Kantiki nazijua kwa kunusa, na ule mdundo ulikuwa na kiuno. Nikauliza kwa heshima.

"Na samaki, maman?"

"Yesu hakulishaka batu samaki?"

"Alilisha. Na biatu ya vumbi?"

"Alitembeaka na miguu. Alikuwa na motokari?"

"Hapana, maman. Na radio?"

Naomie aliacha viatu. Hata mimi nilimhurumia kidogo, lakini Maman Espérance alikuwa mwanamke aliyevuka mipaka mingi bila karatasi, na radio isingemshinda.

"Radio," akasema, "ni Habari Njema."

Hapo nikafunga kifuniko cha piano. Mtu aliyeshindwa hivyo hana budi kukubali. Tukaandika jina la wimbo.

Lakini siku chache baadaye Naomie alikuja peke yake, na hakuwa anacheka. Alisema ameulizauliza. Bibi fulani wa Bukavu pale kanisani amemwambia ule wimbo ulikuwa wa wanawake kuwangoja madereva wa malori, na kwamba hata mchungaji anajua, ila hataki kusema kwa kuwa kwaya inaupenda.

"Maman Béa, professeurs bataniuliza ni nani anakuya. Nikisema Yesu, batafikiri nimerudi na ile kanisa ya mwaka jana. Nikisema ni chauffeur, mama atakuwa amekaa pale mbele. Atasikia. Atanitosha kwa kwaya, atanifukuza, na tena atasikia haya. Na iyi ni mara ya mwisho."

Alikuwa amesema kweli. Mwaka ule chuo kilifungua mtihani wa wimbo wa pili kwa familia, na Maman Espérance alikwisha kuomba ruhusa kazini. Naomie akaniuliza aseme nini. Nilikuwa na majibu ya mapafu, ya kasi, ya viatu vya kuvaa, ya mahali pa kusimama ili taa isimpige machoni. La hilo sikuwa nalo. Nilimwambia tu akiimba asimwangalie Mungu wala dereva, atafute mtu ambaye yeye mwenyewe amewahi kumngoja. Lilikuwa swali lile lile la Monsieur Armand, na kusema kweli nililisema kwa sababu sikuwa na jingine. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu, na hofu ile ilikaa nami mpaka siku yenyewe.

Siku ya mtihani wimbo wa kofia ulikwenda vizuri sana. Walimu walicheka pale pa kucheka, na mmoja alicheka na pale pasipo pa kucheka. Naomie alinyamaza nota ilipokwisha, akasimama mikono chini. Kisha wakafungua mlango, familia zikaingia. Maman Espérance alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake, bado na viatu vyeupe vya kazi na jina lake kifuani, akakaa safu ya mbele, mkoba magotini. Nilikuwa nimesindikiza watahiniwa wengi kuliko nywele zilizonibakia, na sikumbuki kuogopa hivyo.

Nikampa nota moja tu. Naomie hakuangalia juu, na hakuangalia jopo. Aliangalia mlango wa ukumbi, ule wa nyuma, na akaimba kwa sauti ya mtoto ambaye ameambiwa alale lakini hajalala. Anakuya, anakuya. Nilipiga kidogo sana, kidole hapa, kidole pale, kwa sababu hakukuwa na haja ya zaidi. Alipofika kwenye mlango usifungwe, watu wawili watatu waligeuka kuutazama ule mlango. Ubeti wa mwisho aliuimba pole pole na hakungoja kusifiwa.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyopandishwa kwenye nywele. Akaishusha. Akasema ni wimbo mzuri, na akauliza, kama tulivyojua atauliza, ni nani anayekuja. Il vient, ou elle vient? Wenzetu wa Kifaransa hawawezi kumwacha mtu apite mlangoni bila kwanza kumkagua kama ni wa kiume au wa kike.

Naomie akamtazama mama yake. Maman Espérance alikuwa ameushika ule mkoba kana kwamba tramu inaondoka.

"Kwa Kiswahili hatuchagui," Naomie alijibu kwa Kifaransa. "Tunasema anakuja, basi. Kanisani kwetu ni Yesu. Wengine wananiambia ni dereva. Lakini mimi nikiuimba ni mama yangu. Nilikuwa namngoja kila jioni atoke kazini. Nilikuwa najifanya nimelala."

"Na samaki?" mwenyekiti aliuliza. Alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Samaki alikuwa ananunua madukani Matongé. Mfuko ulikuwa unanuka ngazi nzima."

"Na redio?"

"Redio ni mama mwenyewe. Anaanza kuongea tangu chini ya ngazi, na akifika ghorofa ya tatu majirani wote wamepata habari."

"Si kweli!" Maman Espérance akapaza sauti kutoka safu ya mbele, akiwa amesimama, na akaendelea kwa mchanganyiko wa Kifaransa na Kiswahili kuueleza ukumbi kwamba yeye ni mtu wa utulivu, na kwamba jirani wa ghorofa ya pili ndiye anayeongea, na kwamba samaki wale walikuwa wazuri. Watu walicheka mpaka mwalimu mmoja akatoa kitambaa. Naomie alikuwa anacheka na kulia pamoja. Maman Espérance alipogundua wanacheka kwa upendo, alikaa, akafungua mkoba, akajifanya kutafuta kitu. Aliendelea kukitafuta muda mrefu, kichwa chini.

Majina yalisomwa alasiri ile ile. La Naomie lilikuwamo. Alipiga kelele moja fupi, akanikumbatia mimi, akamkumbatia mlinzi wa mlangoni, kisha akasimama mbele ya mama yake bila kujua afanye nini na mikono. Maman Espérance akamrekebisha kola.

"Dimanche, saa tatu ya asubui, uko kwa kwaya," akamwambia. "Usichelewe."

Naomie alikimbilia kwa wenzake waliopita. Sisi wawili tukatoka kusubiri tramu. Mvua ilikuwa imeacha, vigae vya barabara vinateleza, na yeye alitembea pole pole kwa viatu vyake vyeupe. Sikuwa na nia ya kumchokoza. Nilitaka tu kujua, kwa sababu nilikuwa nimeupiga ule wimbo wiki nzima na ulikuwa umeniingia.

"Maman Espérance," nikasema, "sasa dimanche kwa kanisa, njo nani atakuya?"

Tramu moja ikapita, si yetu.

"Ni papa yangu, bwana ya mama," alisema. "Alikuwa chauffeur. Samaki alikuwa analetaka kila mara, kutoka Uvira. Radio, ile aliahidi. Asubui moja akatoka na camion, na hakurudiaka. Hatukujua ata ni fasi gani alibakia. Mama akatunga ule wimbo, akauimba kila siku, mulango wazi, mpaka bajirani bakachoka na sisi. Kisha tukaingia kwa kanisa, na mama akaomba kuuimba. Pasta akauliza: ni nani uyu anakuya? Mama akafikiri. Akasema: ni Yesu."

"Alimudanganya pasta?"

"Hapana, maman." Alifuta miwani kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Sababu Yesu, yeye, alisema atarudia. Papa hakusemaka."